Waya Aliyoishika Mong'ina Moraa

Kisii Mjini,
Jumapili, mvua ikianuka

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Huku sote tu wazima. Mume wangu hajambo, nami sijambo, na mjukuu wako Nyaboke sasa anatambaa mpaka jikoni nikigeuza uso kidogo tu. Je, kifua chako? Daudi aliniandikia kwamba kikohozi kimepungua tangu uhame kwenye kile chumba cha dirishani, lakini mdogo wangu huyo ni mtu wa kunipa habari tamu peke yake. Kwa hiyo nakuuliza wewe mwenyewe, na umwambie aandike jibu kama litakavyotoka kinywani mwako, asilipambe. Minazi ya upande wa kanisani imezaa? Na goti la Mjomba Tsuma limekubali kukunjika?

Huku mvua hunyesha kila alasiri kana kwamba imeajiriwa. Asubuhi jua linawaka vizuri, unaanika nguo, unajisifu, kisha baada ya chakula cha mchana mawingu yanasimama juu ya vilima na radi inaanza. Ile radi yetu ya Rabai ni mtoto. Ya huku hupasua miti, huua ng'ombe malishoni, na kila msimu utasikia nyumba fulani imepigwa na watu wakiwemo. Nilipokuja hapa bibi arusi nilikuwa nikijificha chini ya meza, mume wangu akinicheka. Siku hizi sijifichi, lakini sijazoea.

Katika barua hiyohiyo Daudi ameniambia kwamba nguzo za stima zimefika njia panda, na kwamba huenda nyumba yetu ikapata taa. Anasema ulifurahi mpaka ukaimba. Nami nilifurahi, Mama. Kisha nikaiweka barua chini na furaha ikaniondoka, kwa sababu ya mambo yaliyompata jirani yetu. Sikutaka kukuandikia habari hizi. Nilijiambia, yuko mbali, ya nini kumtia hofu? Sasa naona lazima. Daudi akusomee polepole, asiruke kitu, hata sauti ikimkauka.

Nyuma ya nyumba yetu, ng'ambo ya ua wa miti, anakaa mjane mmoja aitwaye Moraa. Watu humwita Mong'ina Moraa, maana mong'ina kwa lugha ya huku ni mama mzee wa kuheshimiwa. Mwanawe Nyamweya ana shamba la chai Gesima, na amemwomba mara nyingi arudi mlimani akae naye, lakini yeye alikuwa na kazi yake mjini: alikuwa na cherehani ya miguu, akishona nguo za kwaya na sare za shule, na sidhani kuna mtoto mtaani petu ambaye hajavaa kazi ya mkono wake. Ni Msabato. Ijumaa hupika chakula cha kesho yake, na kila Ijumaa bakuli letu lilikuwa likivuka ua. Yeye ndiye aliyenifundisha kupika chinsaga, zile mboga chungu, kwa maziwa, mpaka uchungu ukubali kutoka. Na ndiye aliyenicheka siku niliposikia mtoto wa jirani akimwita mamake "baba" nikadhani mtoto amechanganyikiwa. Kumbe huku baba ndiye mama. Kiswahili chake ni cha sokoni, Ekegusii changu ni cha kubabaisha, na bado tulikuwa tukiongea mchana kutwa.

Unajua mume wangu huuza vinyago vya mawe laini vya Tabaka. Ana duka dogo barabarani, na dukani kuna simu, kwa sababu wanunuzi wa Nairobi na Mombasa huagiza kwa simu. Yeye huenda Tabaka kuchagua kazi kwa wachongaji, hulala huko, na mimi hubaki dukani na mtoto.

Basi siku moja radi ilipiga nguzo ya mtaani petu na taa zote zikazimika. Kesho yake asubuhi simu ya dukani ikalia. Opereta akaniunganisha, nikasikia sauti ya mwanamume.

"Hapo ni kwenye duka la mawe ya Tabaka?"

"Ndipo."

"Sabalkheri, dada. Napiga kutoka ofisi ya stima. Lakini ngoja kwanza. Sauti hii si ya huku. Wewe ni mtu wa pwani."

Mama, nilikuwa nimekaa muda gani bila kusikia mtu akiniambia sabalkheri? Nilicheka peke yangu pale dukani.

"Mimi wa Rabai," nikasema.

"Rabai! Mimi wa Kaloleni. Sisi ni wa nyumba moja."

Akaniuliza huku napata wapi nazi. Nikamwambia nazi ya huku inafika imeoza na bei yake ni ya dhahabu. Akasema yeye amesahau hata ladha ya tui, anakula ugali wa wimbi kama ng'ombe anayekula asichokijua. Tukacheka. Alikuwa na sauti laini, isiyo na haraka, kama mwalimu wa shule ya Jumapili. Kisha akaingia katika kazi.

"Sasa dada, ile radi ya jana imeharibu waya za ardhini kwenye laini yenu. Nyumba isipokaguliwa, radi ikipiga tena itawaka na watu ndani. Mafundi wangu watapita kesho. Bwana yupo?"

"Yuko Tabaka."

"Pole kwa upweke. Nyumbani mchana hubaki nani?"

"Kwangu hakuna mtu, mimi nashinda dukani. Lakini nyuma yetu yupo mama mmoja mzee. Yeye hatoki."

"Vizuri sana. Tutaanza kwake. Ila mwambie wewe mwenyewe, dada. Wazee huogopa wageni. Akisikia kutoka kwako hatakuwa na wasiwasi."

Jioni nikavuka ua nikamwambia. Mong'ina Moraa alikuwa akitia uzi kwenye sindano, akaacha.

"Hao watu, wewe najua wao?" akaniuliza.

"Mmoja ni wa kwetu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akarudia uzi wake. Kwake, kama ni wa kwetu, basi imekwisha.

Walikuja kesho yake, mchana mweupe, watu wakipita njiani. Haya yanayofuata nilisimuliwa na yeye baadaye. Walikuwa wawili, wamevaa ovaroli za kaki. Mmoja pande la mtu, amebeba ngazi, hakutoa neno hata moja. Mwingine mwembamba, na mwavuli. Huyo wa mwavuli alivua kofia mlangoni, akamsalimu kwa Ekegusii, "Bwakire, mong'ina," akapangusa viatu vyake kabla ya kuingia. Hilo ndilo lililomfurahisha Mong'ina kuliko yote, kwamba mtu wa ofisi amepangusa viatu.

Walizunguka kila chumba wakitazama dari. Yule pande la mtu akaegemeza ngazi kwenye paa, akapanda. Ndipo mwembamba akamtoa Mong'ina nje mpaka karibu na ua, akamkabidhi ncha ya waya iliyofungwa kitambaa. Waya ile ilitoka dirishani.

Akamwambia, "Mong'ina, hii ndiyo roho ya mwenzangu aliye juu. Stima inapita hapa mkononi mwako kwenda ardhini, haitakudhuru wewe. Lakini ukiachilia, inamrudia yeye, na atakufa. Unaelewa?"

Akasema anaelewa. Akaishika kwa mikono miwili.

Mimi mchana huo nilinusa mvua, nikakumbuka nguo zangu kwenye kamba. Nikafunga duka nikaja mbio na Nyaboke mgongoni. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kuanguka, yale makubwa yanayouma, na mbingu ilikuwa nyeusi upande wote wa Tabaka. Nikiwa natoa nguo nikamwona Mong'ina Moraa ng'ambo ya ua, amesimama wima kwenye uwanja wake, kitambaa kimemwanguka kichwani, mikono imenyoshwa mbele kama mtu anayepokea mtoto wa ubatizo.

"Mong'ina, unafanya nini kwenye mvua?"

Hakugeuka. "Usikuje hapa. Usinishika."

"Ni nini hiyo?"

"Nikiachilia, mtoto ya watu atakufa."

Umeme ukamulika, radi ikapiga mahali si mbali, na yeye na ile waya mkononi. Nikavuka ua. Wakati huohuo mlango wake ukafunguka, akatoka mtu mwembamba, amebeba furushi lililofungwa kwa shuka. Nyuma kwenye njia ya uchochoro niliona mgongo wa mtu mkubwa akisukuma mkokoteni uliofunikwa turubai, na chini ya turubai ilionekana miguu ya chuma.

Mtu yule mwembamba alinitazama, akatabasamu.

"Dada wa Rabai," akasema.

Ilikuwa sauti ya simu.

"Mnapeleka wapi vitu vya Mong'ina?"

"Tunaviondoa nyumbani kwa muda. Chuma huvuta stima, na nguo zina vifungo. Tukimaliza tutavirudisha." Aliyasema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa dawa. Kisha akamtazama Nyaboke mgongoni kwangu. "Usimguse mama huyo, dada. Wewe mwenyewe sijui, lakini mtoto mchanga, stima humpata upesi."

Nilisimama. Nitakwambia ukweli wangu, Mama, kwa sababu watu wengi wameniuliza kwa nini sikupiga ukunga. Nusu yangu ilijua ni mwizi. Nusu nyingine ilikuwa na mtoto mgongoni, na radi juu, na waya, na haijui chochote kuhusu stima isipokuwa kwamba inaua. Naye alizijua nusu zote mbili. Akafungua mwavuli wake, akapita mbele yangu karibu hivi, akatembea. Hakukimbia. Langoni alikutana na mtu anayepita akamwamkia, nasi tukabaki pale mvuani, mimi na Mong'ina, kama miti.

Alipopinda kona ndipo miguu yangu ilirudi. Nikamfungua Nyaboke nikamweka jikoni kwa Mong'ina, kwenye kikapu cha viazi, nikaingia nyumbani. Niliifuata ile waya kwa macho. Iliingia dirishani, ikapita sakafuni, ikafungwa kwenye mguu wa kitanda. Basi. Ilikuwa imeshikana na mguu wa kitanda cha mbao, na kitanda hakina hata blanketi. Nikatoka nikatazama juu ya paa. Ngazi ilikuwepo. Mtu hakuwepo.

"Mong'ina, achilia. Hakuna mtu juu."

"Ako. Nimeona anapanda."

"Ameshuka. Wameondoka. Ni wezi."

"Wewe ulisema ni watu wenu."

Mvua ilikuwa imetushukia kwa mwendo wake wote sasa, na midomo yake ilitetemeka, lakini mikono haikutetemeka hata kidogo. Ningemwambia nini? Neno langu ndilo lililomweka pale. Basi nikaunyosha mkono nikaishika ile waya, wazi, bila kitambaa, mbele ya macho yake. Umeme ulimulika mara nyingine na nilidhani ndio mwisho wangu. Ilikuwa waya baridi tu, yenye maji.

Kisha nikaanza kumfungua vidole, kimoja baada ya kingine, kwa maana vilikuwa vimekakamaa havisikii amri yake.

Ndani hakulitazama kabati lililo wazi wala mahali redio ilipokuwa. Alitazama pale ambapo cherehani ilikuwa imesimama miaka yote, saruji imebaki safi mahali pa miguu. Nikangoja alie. Akaniuliza, "Kwa hivyo, hakuna mtu alikuwa anakufa?"

"Hakuna, Mong'ina."

"Asante Mungu," akasema.

Mimi ndiye niliyelia.

Alishikwa na kichomi. Alilala hospitalini, na kwa siku kadhaa hatukujua atageukia upande gani. Nyamweya alishuka kutoka Gesima na matope ya shamba miguuni. Hakunilaumu. Alinisalimu kwa mkono, akanishukuru kwa kumfikisha mamake hospitali, lakini mkono ule ulikuwa mwepesi, ukaniponyoka mapema. Ofisi ya stima walisema hawakumtuma mtu wala hawakupiga simu yoyote. Polisi waliandika, wakauliza sura zao, na kila nilipoieleza sura ya yule mwembamba nilisikia mwenyewe kwamba ninaeleza mtu yeyote. Nilichokijua kwake ni sauti.

Kisha habari zikaanza kuja. Huko Ikonge walipita wawili wakijiita watu wa bomba la maji, wakamfungia mke wa mtu chooni wakimwambia asitoke mpaka maji yafunguliwe. Kwingine mmoja alipiga simu kwenye kiwanda akimtafuta karani, akajua hayupo, akaenda kwa mkewe. Huenda nyingine ni uvumi tu. Lakini uvumi ulifanya kazi yake, na watu wakaacha kusalimiana njiani na mtu aliyevaa kaki.

Siku moja ya soko wanaume walikuja dukani kwangu wakitweta. Nawajua, ni watu wema, mmoja huniuzia ndizi.

"Mama Nyaboke, tumeshika yeye. Kuja usikie sauti."

Walinipeleka nyuma ya soko. Kijana alikuwa amelala matopeni, ovaroli imepasuka, damu inamtoka sikioni. Watu walikuwa wamemzunguka, wanaume kwa wanawake, na niliona mawe mikononi mwa watu ninaokutana nao kanisani. Hakuna aliyekuwa akipiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Walikuwa wakiningoja mimi.

"Ongea," mmoja akamwambia, akimgusa kwa mguu.

Kijana hakuweza. Nikapiga magoti nikamwambia, "Sema unafanya kazi gani."

"Nasoma mita," akasema. "Mama, mimi nasoma mita tu."

Haikuwa sauti ile. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza, na haikuwa na pwani ndani yake.

"Si yeye," nikasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Ndipo muuza ndizi wangu akasema polepole, "Na yule mwingine? Yule hakuongea. Huyu ni mkubwa, angalia mabega. Si anaweza kuwa yule?"

Mama, yule mwingine sikuwahi kumsikia sauti. Nilimwona mgongo tu, kwenye mvua, akisukuma mkokoteni. Na kijana huyu alikuwa mkubwa. Nilimtazama mabega yake yale, na kwa kweli sikujua. Huenda alikuwa ndiye. Nilimkumbuka Mong'ina akiwa kwenye mvua, kisha nikamwangalia yule kijana usoni, macho yamemtoka, ananitazama kama mimi ndiye ninayeshika pumzi yake.

"Si yeye," nikasema. "Yule mwingine nilimwona vizuri. Si huyu."

Mawe yalianguka moja moja. Baadaye mkubwa wake wa kazi alikuja na polisi, na ikawa kweli kijana ni msomaji wa mita, ana mke na mtoto, amefanya kazi miaka mingi. Nilimshukuru Mungu. Lakini siku ile pale matopeni sikuwa na hakika, na bado naota kwamba nilijibu vingine.

Utauliza Mong'ina yu hali gani. Alitoka hospitali, na vidole vya mkono wa kulia havikunjuki sawasawa. Nyamweya alimtafutia cherehani nyingine lakini ameifunika shuka. Amekataa kwenda Gesima, anasema akiondoka watasema alifukuzwa na wezi. Wiki iliyopita mafundi wa kweli walikuja mtaani kurekebisha laini, wakiwa na gari la ofisi na mkubwa wao. Walibisha kwake. Hakufungua. Walibisha tena, wakaniona mimi dirishani kwangu, mkubwa wao akaniomba kwa adabu, "Mama, tuambie huyu jirani yako sisi si watu wabaya." Mong'ina alikuwa amesimama nyuma ya pazia lake, ananitazama, anangoja niseme. Nikafungua kinywa, Mama, na neno halikutoka. Nilikuwa sijui. Gari nalo linaweza kupakwa rangi. Wakaondoka, laini yake ikabaki bila kutengenezwa, na sasa anawasha taa ya mafuta. Jioni naiona ikitembea chumba hadi chumba, akikagua makomeo.

Sasa nafika kwenye sababu ya barua hii, na hili hata mume wangu sijamweleza lote. Ile simu ilikuwa ndefu kuliko nilivyoiandika. Tulipokuwa tukicheka habari za nazi, yule mtu aliniuliza kwetu Rabai ni upande gani. Nikamwambia karibu na kanisa la zamani. Akauliza kama wazazi wapo. Nikamwambia Baba alitangulia, Mama anakaa na mdogo wangu, na mdogo wangu hushinda Mazeras kazini. Akasema, "Masikini, mama peke yake mchana kutwa. Nikienda likizo nitampitia nimpe salamu zako." Na mimi nikamshukuru.

Hajakamatwa. Na nguzo zimefika njia panda.

Kwa hiyo nisikilize, Mama. Mtu wa stima akija, mlango usifunguke. Ongea naye kupitia dirishani, umwambie angoje nje mpaka Daudi arudi, au umwite Mjomba Tsuma, naye Mjomba aende mwenyewe ofisini aulize kama wamemtuma mtu. Asiulize kwa karatasi au namba atakayopewa na huyo mgeni. Mtu wa kweli atangoja au atarudi siku nyingine, kazi haimkimbii. Anayekuhimiza, anayekuambia nyumba itawaka sasa hivi, anayekupa kitu ushike au anayekutoa nje ya nyumba yako, huyo umeshamjua. Usimwambie mgeni huyo ni saa ngapi Daudi hurudi. Usimpe dafu. Najua utaona ni aibu kumwacha mgeni juani, nawe umetulea kwamba mgeni haulizwi anakotoka kabla hajanywa maji. Mwache juani.

Mpe salamu Mjomba Tsuma, na shangazi yetu anayekaanga mihogo njia panda, umwambie naye habari hizi, kwa maana yeye huongea na kila mtu. Msalimie mama mchungaji na yule binamu yetu fundi seremala. Mwombe akutilie komeo la ndani, nitamlipa mimi. Daudi namsalimu kwa upendo, na namwomba aombe ruhusa kazini awe akirudi mchana kukutazama kwa muda.

Na mtu akija akasema ametoka kwangu Kisii, sijamtuma mtu. Hata akiwa mpole, hata akilisema jina langu na la Nyaboke na kukuambia ninavyocheka, sijamtuma, wala sitamtuma mtu. Salamu zangu zitakufikia kwa barua kama hii, ndani ya mkono wa Daudi, au nitakuja mwenyewe na utaniona kwa macho yako kupitia dirishani kabla hujafungua.

Mungu akulinde mahali ambapo mimi siwezi.

Ni mimi binti yako,
Rodha